Mikono mitupu: maisha ya muzee Gichin Funakoshi, mwalimu wa karate



Katika kikao cha mwisho hapa Baraka, jambo lililokula saa nyingi halikuwa mbegu za mihogo wala mchango wa kila mwezi. Lilikuwa karate. Wengi wenu munajua habari yenyewe. Kijana mmoja wa kikundi chetu cha mazoezi, aliyezaliwa kambini Nyarugusu akarudi huku na wazazi wake, aliitwa mkimbizi mbele ya watu sokoni. Akampiga ngumi aliyemuita hivyo, jino likang'oka. Familia mbili zimekwisha kukaa pamoja, matibabu yamelipwa, watu wamepeana mikono. Lakini swali limebaki: sisi kama chama tuendelee kuwatafutia vijana darasa la kufanyia karate jioni, ao tuache?

Mama mmoja alisimama akauliza juu ya nini sisi tuliokimbia mapigano tuwafundishe tena watoto kupigana. Hakuna aliyemjibu vizuri siku ile, hata sisi. Mmoja wa wafadhili naye alikuwa ametuuliza karibu maneno yale yale, kwa heshima zote.

Basi tulitafuta. Tulitaka kujua karate ilitoka wapi, na yule anayeitwa baba wa karate ya sasa alikuwa mtu wa namna gani. Vijana wanaliweka jina lake midomoni kila siku, lakini ukiwauliza aliishi vipi, wananyamaza. Tumeona maisha yake yanamjibu yule mama vizuri kuliko hotuba yetu. Tunayaleta hapa, muyasome kabla ya kikao kinachokuja.

Mtoto ambaye hakuna aliyemtegemea kuishi

Gichin Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 huko Shuri, katika kisiwa cha Okinawa. Okinawa iko kusini mwa Japani, katikati ya maji, na upande wa pili wa bahari ni China. Zamani ilikuwa na mfalme wake, katika ufalme ulioitwa Ryukyu. Mwaka 1609 ufalme huo ulivamiwa na watawala wa Satsuma kutoka Japani. Mfalme wakamuacha kwenye kiti chake, lakini kodi ikawa inawaendea wao. Mwaka 1879, Funakoshi akiwa bado mtoto, Japani ikauondoa ufalme kabisa na kuifanya Okinawa mkoa wake.

Karate ilikua ndani ya historia hiyo. Watu wa Okinawa walikuwa na namna yao ya kupigana bila silaha, wakiiita kwa neno lenye maana ya mkono, basi. Waliosafiri China kwa biashara na ujumbe walirudi na mbinu za huko, zikachanganyika na za nyumbani. Watawala nao walibana silaha, na mafunzo yakafanywa kwa kificho. Wengine wanasema karate ni silaha ya mwananchi aliyenyang'anywa upanga. Hiyo ni sehemu tu ya ukweli, juu watu wa ukoo wa heshima na watumishi wa mfalme nao waliifanya sana. Lakini sisi tuliowahi kukaa mbele ya mtu mwenye bunduki tunaelewa kwa nini habari hiyo inapendwa.

Funakoshi mwenyewe alizaliwa kabla ya siku zake kutimia. Alikuwa mdogo, mwenye kuuguaugua, na watu wa nyumbani hawakutegemea angeishi miaka mingi. Alilelewa kwa babu na bibi yake upande wa mama. Ukoo wao ulikuwa wa heshima lakini pesa hazikuwako.

Kijana alipenda kusomea udaktari, na mtihani wa kuingia akaushinda. Hapo kukatokea jambo la nywele. Wanaume wa ukoo kama wake walifunga nywele katika fundo juu ya kichwa, alama ya heshima ya mababu. Serikali mpya ya Japani ilitaka fundo hilo likatwe, na shule ya udaktari haikupokea mwenye nalo. Familia ikakataa katakata. Ndoto ya udaktari ikaishia pale.

Mwaka 1888 akapata kazi ya ualimu msaidizi wa shule ya msingi. Kumbe kazi hiyo nayo ilidai nywele zikatwe, na safari hii alikubali. Alipofika nyumbani bila fundo, wazazi hawakuamini macho yao. Sisi tuliorudi na watoto wanaoongea Kiswahili cha Kigoma na kuimba nyimbo za kambini tunaijua ile hali: mtoto anasimama mlangoni, ni wako, lakini amebadilika.

Masomo ya usiku

Karate aliianza akiwa shule ya msingi. Rafiki yake darasani alikuwa mtoto wa Anko Azato, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Okinawa. Azato akampokea. Baadaye akajifunza pia kwa rafiki wa Azato, Anko Itosu.

Siku zile hakukuwa na dojo yenye kibao mlangoni. Mazoezi yalifanywa usiku, ndani ya ua wa mwalimu, na hayakusemwa mbele za watu. Funakoshi alitembea gizani akishika taa ndogo, akarudi nyumbani karibu na mapambazuko. Majirani wakaanza kujiuliza kijana huyu kila usiku anatoka wapi. Wengine wakaamua kwamba bila shaka anakwenda kwa malaya. Yeye hakuweza kujitetea, maana siri ya mwalimu haikuwa yake ya kutoa.

Na masomo yenyewe hayakuwa na utamu wa sinema. Azato alikaa kwenye baraza, kijana akarudia mfululizo mmoja wa mienendo, ule unaoitwa kata, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Mwalimu asiporidhika, hakuna kwenda mbele. Kwa Itosu alikaa miaka kumi akifanya kata tatu tu za jina la Tekki. Tunawaambia hivi vijana wetu wanaouliza baada ya majuma mawili mukanda wa rangi utakuja lini.

Faida ya kwanza aliyoipata haikuwa ya kupigana. Baada ya miaka miwili hivi aliona ugonjwa wa utoto umepungua, mwili unasimama. Mtoto ambaye hakuna aliyemtegemea kuishi alifika miaka 88, na muda wote huo mwalimu huyu alisema kwamba afya yake aliipata katika karate.

Alipenda pia kujipima. Siku moja tufani ilipiga kisiwa, tufani ya kung'oa mapaa. Kijana akapanda juu ya nyumba na mkeka mikononi, akakunja magoti, akasimama kuelekea upepo. Upepo ulimtupa chini matopeni, akapanda tena. Hatuwaombi vijana wetu waige hilo! Tunalitaja kuonyesha kwamba hakuwa mwoga. Hilo ni la kukumbuka katika habari inayofuata.

Mikate aliyowapa wanyang'anyi

Jioni moja, akiwa bado kijana mwenye nguvu zake zote, alikuwa anatembea peke yake kwenye njia ya miti huku amebeba mikate midogo ya maharage matamu, zawadi ya kuweka mbele ya mababu wa upande wa mke wake. Wanaume wawili wakamkatia njia. Mmoja alishika fimbo. Walitafuta ugomvi kwanza kwa maneno, kwamba amepita bila kuwasalimu. Halafu wakataka vitu.

Fikirini alikuwa nani. Mwanafunzi wa mabingwa wawili, mwenye mazoezi ya miaka. Angeweza kuwaangusha. Yeye aliongea nao kwa upole, akawapa ile mikate, akaendelea na safari yake mikono mitupu.

Baadaye akawaeleza walimu wake. Itosu akamsifu. Azato aliuliza mababu wamepata nini kama mikate imekwenda. Funakoshi akajibu kwamba amewapa sala yake kwa moyo wote. Azato naye akafurahi, akamwambia kwamba sasa ameanza kuijua karate. Walimu hao wawili walikuwa wagumu kutoa sifa, na siku hiyo walizitoa kwa pigo ambalo mwanafunzi wao hakulipiga.

Kutoka gizani mpaka shuleni

Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yalibadilika. Wakubwa wa elimu waliona vijana wenye mazoezi ya karate wana miili mizuri, na wakakubali ifundishwe shuleni. Itosu ndiye aliyesukuma sana kazi hiyo. Alitengeneza kata tano nyepesi kwa ajili ya wanafunzi. Miaka mingi baadaye Funakoshi aliziita Heian, jina linalobeba maana ya amani na utulivu. Ndizo watoto wanazoanza nazo mpaka leo, hata hapa Baraka, ingawa wengi hawajui kwamba kila jioni wanatamka amani.

Alifundisha shule kwa miaka thelathini hivi. Mshahara ulikuwa mdogo na watu wa kulisha walikuwa wengi. Mke wake alilima mboga na kufuma vitambaa usiku ili nyumba isimame. Na huyu mama, kwa kumuangalia mume wake akifanya mazoezi, akajifunza. Akichoka na kazi alitoka uwanjani akafanya kata, mwili ukarudi. Walevi wakigombana mtaani, yeye ndiye aliyewaachanisha na kuwasuluhisha. Munisikie vizuri, akina baba munaosema karate haiwafai wasichana.

Mfagiaji wa Tokyo

Mwaka 1921 mwana wa mfalme wa Japani, Hirohito, alipitia Okinawa akielekea Ulaya, na Funakoshi akaongoza maonyesho ya karate mbele yake kwenye ngome ya Shuri. Mwaka uliofuata, 1922, wakubwa wa elimu walimuomba aende Tokyo kuonyesha mchezo huo kwenye maonyesho ya taifa. Alikuwa na miaka zaidi ya 50. Alikwenda kwa nia ya kurudi upesi. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, akamwalika dojoni kwake, wengine wakamuomba akae afundishe, na siku zikawa miaka.

Mke wake hakumfuata. Aliona kazi yake ni kubaki Okinawa kutunza makaburi na ibada za mababu. Wakaishi hivyo, yeye huku na mke kule, muda mrefu sana. Ni familia ngapi kati yetu ziliishi na baba yuko Uvira, mama yuko Lugufu?

Tokyo hakuwa na mapato. Alikaa kwenye bweni la wanafunzi wa Okinawa, akapewa kichumba kidogo karibu na mlango, na kwa kukaa pale alifanya kila kazi: zamu ya usiku, kufagia vyumba, kusafisha bustani. Alimfundisha karate mpishi wa bweni, naye mpishi akampunguzia bei ya chakula. Siku moja pesa zilipoisha kabisa alipeleka kofia ya zamani na nguo iliyofumwa nyumbani kwenye duka la rehani. Akashangaa kupewa pesa nyingi kuliko thamani ya vitu. Kumbe mdogo wa yule mtu wa dukani alikuwa mwanafunzi wake.

Kuna siku mwandishi wa gazeti alikuja bwenini kumtafuta bingwa Funakoshi. Alimkuta mzee mmoja na ufagio, akamuuliza bingwa yuko wapi. Mzee akamwambia angoje kidogo. Akaingia kichumbani, akavaa nguo rasmi, akatoka kumpokea mgeni wake.

Tulisoma habari hiyo mara mbili. Wangapi kati yetu walikuwa walimu, wauguzi, makatibu wa chifu, halafu kambini wakapanga foleni ya unga kama kila mtu? Muzee hakuona aibu ya ufagio. Na huo ufagio haukumfanya asahau yeye ni nani.

Kidogo kidogo wanafunzi wakaongezeka. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Keio kilifungua kikundi cha karate, na vyuo vingine vikafuata. Kutoka judo ya Kano alichukua utaratibu wa mikanda na madaraja. Katika miaka ya 1930 wapenzi wa karate walichanga pesa wakamjengea dojo. Wanafunzi wakaiita Shotokan, kwa jina la Shoto ambalo muzee alitumia akiandika mashairi, lenye picha ya miti ya misonobari ikitikiswa na upepo. Ndiyo hiyo Shotokan iliyoandikwa kwenye vifua vya kimono nyingi duniani.

Maana ya mkono mtupu

Ni wakati huo pia jina lilibadilika. Zamani neno karate liliandikwa kwa alama zenye maana ya mkono wa China. Katika Kijapani kuna alama nyingine inayosomwa vile vile lakini maana yake ni tupu. Funakoshi akaichukua hiyo. Wenzake wengi wa Okinawa walikasirika, wakaona anafuta asili. Ni kweli pia kwamba Japani ya siku zile ilikuwa haitaki kusikia jina la China. Lakini yeye alitoa maana mbili. Ya kwanza: mtu anajikinga bila kushika kitu. Ya pili ndiyo aliyoipenda zaidi: anayefanya karate anapaswa kuutoa moyoni mwake ubaya na majivuno, abaki mtupu ndani, kama mwanzi ulio wazi katikati na bado umesimama.

Sisi Waswahili tunasema mkono mtupu haulambwi. Tumeionja sana methali hiyo. Tuliposhuka melini kutoka Kigoma na mabegi yetu na sahani za plastiki, wengine tukakuta parseli zetu zimejengwa na watu wengine, tulijua mkono mtupu ni nini. Muzee Funakoshi ametupa upande wa pili wa maneno hayo: mkono usioshika kitu ni mkono unaoweza pia kupokea, na hauwezi kumpiga mtu risasi.

Vita vikachukua vyote

Hatutaki kumpamba muzee kupita ukweli. Katika miaka ya 1930 na ya vita, serikali ya Japani iliitumia michezo ya kupigana kuwaandaa vijana kwa jeshi, na karate haikupona. Wanafunzi wengi wa Funakoshi walitoka dojoni wakaenda vitani, na wengi hawakurudi. Hapa Fizi tunajua vizuri ni nani anayemtafuta kijana mwenye nguvu asiye na kazi. Mwili uliofundishwa bila moyo kufundishwa, kuna watu wako tayari kuutumia. Jambo hilo lilimpata hata mwalimu mwenye nia njema, na kikundi chetu kinaweza kupatwa nalo pia.

Mwaka 1945 kila kitu kilianguka kwa pamoja. Mabomu ya Wamarekani yaliichoma Tokyo, na dojo ya Shotokan ikateketea. Mwanawe Gigo, ambaye alikuwa mkono wake wa kulia katika kufundisha, akafa kwa kifua kikuu. Okinawa ikawa uwanja wa moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile, na makumi ya maelfu ya raia wakafa. Mji wa Shuri alikozaliwa ukabaki vifusi.

Mke wake aliokoka, akapelekwa Oita katika kisiwa cha Kyushu pamoja na wakimbizi wengine kutoka Okinawa. Funakoshi aliacha Tokyo akamfuata. Alikuwa karibu na miaka 80. Baada ya kuishi mbalimbali miaka zaidi ya 20, walikutana tena, na walikutana ukimbizini. Walilima mboga, wakaokota mwani baharini, wakala walichopata. Mke alikuwa na pumu. Mwaka 1947 akafariki, mbali na makaburi aliyoyatunza maisha yake yote.

Muzee akapanda treni kurudi Tokyo akiwa amebeba majivu ya mke wake. Kwenye vituo vya njiani wanafunzi wake wa zamani walikuja kumpa pole. Hakuwa na dojo, hakuwa na nyumba, mwana na mke wamekwenda. Alibaki na watu hao waliosimama kwenye vituo. Wakamrudisha kazini: mwaka 1949 wakaunda chama cha karate cha Japani, naye akawa mkuu wake wa heshima.

Siku ya mwavuli

Sasa tunafika kwenye habari ambayo tungependa kijana wetu wa sokoni aisome.

Baada ya vita, Tokyo ilikuwa mji wa njaa na wizi. Usiku mmoja muzee, mwenye miaka 80 hivi, alikuwa anarudi nyumbani na mwavuli mkononi. Mtu akamrukia, akataka kumnyang'anya. Muzee akainama chini ya pigo, na kwa mkono mmoja akamkamata yule mtu mahali ambapo mwanaume akikamatwa hasogei tena. Polisi aliyekuwa anapita akamchukua.

Mtu mwingine angeirudia habari hiyo kwa kujisifu mpaka kufa: muzee wa miaka 80 amemshinda mwizi! Funakoshi aliandika kwamba aliona haya. Alimuangalia yule mtu, akadhani ni askari aliyerudi kutoka vitani hana kazi, na kwamba alijaribu kuiba kwa sababu ya shida tu. Akajiona amefanya kitu alichowakataza wanafunzi wake siku zote, kwa kuwa wa kwanza kushambulia.

Amri hiyo ndiyo nguzo ya mafundisho yake: katika karate hakuna pigo la kwanza. Hata kata zinaanza na mwendo wa kukinga. Kijana alipowapa wanyang'anyi mikate, aliishika amri. Mzee alipomkamata mwizi, aliona ameivunja kidogo, akaungama mwenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Alifariki tarehe 26 Aprili 1957. Mwaka 1968 wanafunzi wake wakamjengea jiwe la ukumbusho kwenye hekalu la Engakuji huko Kamakura, na juu yake wakachonga amri hiyo ya pigo la kwanza. Katika yote aliyofundisha, wao walichagua hiyo. Mwaka 2021 karate ilichezwa kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Olimpiki, tena kule kule Tokyo alikofagia bwenini.

Sisi tunasema nini

Tunamrudia yule mama. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwanza, tuseme wazi kile karate isichoweza. Haizuii risasi. Haimrudishii mtu parseli yake. Mwenye kuwaambia vijana kwamba mikono yao itashinda bunduki anawapeleka kaburini. Msichana anayekwenda shambani ao mtoni hatumuahidi kwamba hakuna atakayemgusa. Tunachoweza kumpa ni macho ya kuona hatari mapema, sauti ya kupiga kelele bila haya, mguu wa kukimbia, na namna ya kujinasua akishikwa mkono. Ni kidogo, lakini ni kitu.

Pili, faida tunazoziona wenyewe tunapopita na pikipiki kutoka Mboko mpaka Fizi: vijana wanaokuja kwa saa, wanaosalimu wakubwa kwa kuinamisha kichwa, waliozoea kupumua kabla ya kujibu. Na gharama ni ndogo. Kata inahitaji sakafu na mwalimu, basi. Mvulana na msichana, mtoto wa waliorudi na mtoto wa waliobaki, wanasimama mstari mmoja na kupokea maagizo yale yale.

Kijana wetu alivunja amri, na neno baya la sokoni halifuti hilo. Lakini tukifunga darasa, ngumi yake inabaki naye na amri inabaki kwetu. Sisi tunaomba kikao kikubali darasa liendelee kwa masharti haya. Vijana watafagia darasa kabla ya kila zoezi, na mkubwa wa mukanda ndiye ataanza. Atakayempiga mtu nje atasimama kando miezi mitatu, na kurudi kwake kutapitia kwa aliyempiga. Saa moja kwa juma itakuwa ya wasichana na akina mama. Mzazi mmoja ataketi ndani kila jioni, aone kinachofundishwa.

Kijana mwenyewe ametuambia atakubali miezi yake mitatu. Ameomba tu aruhusiwe kuja kufagia.

Wanachama, muje na mawazo yenu, hata ya kukataa. Mama aliyeuliza, tunamuomba aketi mbele. Wafadhili, hatuwaombi pesa mpya kwa jambo hili. Tulitaka mujue tu kinachofanyika jioni katika darasa lile, na kwa nini.